Mkoba wa kupimia mto: kinachofaa Sabaki na kinachofaa kubaki dukani

Mwanafunzi anayekuja Malindi kwa mafunzo ya nyanjani ya kupima mito na mitaro hukabidhiwa mkoba mapema tu. Ndani yake mara nyingi mna mrija mrefu wa plastiki wa kupima uwazi wa maji, kalamu ya umeme ya kupima chumvi, kalamu nyingine ya pH (kipimo cha ukali wa asidi), kichupa cha vijikaratasi vinavyobadilika rangi, kipimajoto, utepe wa mita 30, ndoo na kamba, pakiti ya sahani za kuoteshea bakteria, na simu yenye fomu. Vifaa hivi huuzwa pamoja kwa shule na vikundi vya mazingira, na vingi vilibuniwa kwa vijito vya nchi za baridi: maji maangavu, mawe chini, kina cha magoti. Sabaki si kijito cha namna hiyo.

Sabaki ni mkia wa mto mrefu. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, hupita katikati ya jiji, huingia Athi. Athi ukishakutana na mto Tsavo huitwa Galana, na Galana ukikaribia pwani ndio Sabaki, unaomwaga maji baharini kaskazini ya Malindi, kabla ya kufika Mambrui. Ni mwendo wa karibu kilomita 390. Kwa hiyo mwanagenzi anayesimama kwenye daraja la Sabaki anapima mto wa mjini ambao mji wake hauonekani. Kazi yake ya pili ni kinyume kabisa: mitaro ya Malindi yenyewe, inayokaa mikavu majuma kadhaa kisha kujaa kwa saa mbili mvua ikinyesha. Mkoba ni mmoja, kazi ni mbili zisizofanana, na hapo ndipo tathmini hii inapoanzia.

Uamuzi wetu tuutoe kabisa. Mrija, kipimajoto, utepe na chungwa la kuelea mtaroni ndivyo vitakavyokupa namba za kuaminika. Kalamu ya chumvi ni nzuri ukiitunza. Kalamu ya pH ni mtihani. Sahani za bakteria zinafaa mitaroni kuliko mtoni. Vijikaratasi vya rangi vya bwawa la kuogelea viache, na kuhesabu wadudu kafanyieni kwingine, si kwenye mchanga wa Sabaki.

Mrija

Mrija wa sentimita 120 una kisahani cheusi na cheupe chini, bomba dogo la kutolea maji, na rula iliyobandikwa ubavuni. Unaujaza, unachungulia kutoka juu, unayapunguza maji pole pole hadi kisahani kianze kuonekana, unafunga, unasoma. Kisha unayarudisha maji kidogo kidogo mpaka kisahani kipotee, unasoma tena, na wastani wa namba hizo mbili ndio jibu. Wasome watu wawili, kila mmoja kivyake, bila kutajiana. Wakipishana zaidi ya sentimita mbili tatu, warudie wote.

Kifaa hiki hakina betri wala umeme, lakini kina njia zake za kudanganya. Miwani ya jua inaongeza giza. Jua likipiga moja kwa moja juu ya mrija, kisahani hung'aa na namba huongezeka. Dawa yake ni kulipa jua mgongo ili kivuli chako kiufunike mrija. Mchanga nao hutua upesi: ukikaa dakika moja ukitafuta kalamu, chembe nzito zimeshalala juu ya kisahani na maji ya juu yamekuwa maangavu kuliko mto wenyewe. Ziba mdomo wa mrija kwa kiganja, upindue mara mbili, ngoja mapovu yatoke, usome ndani ya nusu dakika.

Udhaifu wake mkubwa huja na mvua. Masika yakikolea Aprili na Mei, na vuli ikikubali Novemba, Sabaki huwa kama chai ya maziwa. Kisahani hupotea maji yakiwa sentimita mbili tatu tu, na sehemu hiyo ya rula ndiyo yenye msongamano: kosa la nusu sentimita huko chini linaweza kuzidisha kipimo cha tope sana, ilhali nusu sentimita kule juu si kitu. Hapo ndipo mwanafunzi huandika "2" siku kumi mfululizo na kudhani mto haubadiliki. Mto unabadilika, mrija ndio umefika mwisho wa uwezo wake.

Namna ya kutoka ni kuzimua. Kikombe kimoja cha maji ya mto, vikombe vinne vya maji maangavu, koroga, soma, geuza sentimita kuwa NTU (kizio cha tope) kwa jedwali lililokuja na mrija, ndipo uzidishe kwa tano. Anayezidisha sentimita badala ya NTU anaharibu kila kitu, kwa sababu tope likiongezeka sentimita zinapungua, na hazipungui kwa mstari ulionyooka. Na maji ya kuzimulia yasiwe ya kisima chenye chumvi, ambavyo Malindi ni vingi. Chumvi hufanya chembe za udongo mfinyanzi zigandamane na kuzama, na mrija utakuonyesha maji masafi ya uongo. Tumia maji ya mvua au ya chupa. Jambo hilo hilo, ukitaka kuliona kwa ukubwa wake, linatokea pale mto unapokutana na bahari: tope lililosafiri kutoka Tsavo bila kutua huanza kutua likionja chumvi.

Jambo jingine la kumwambia mwanafunzi mapema: NTU si miligramu. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 za chembe zinazoelea kwa lita moja katika vyanzo vya maji ya nyumbani, na hakuna mrija unaosoma miligramu. Ili upate uhusiano wa hizo mbili kwa mto wako, unachuja kiasi kinachojulikana cha maji kwenye karatasi ya nyuzi za kioo iliyokwisha kupimwa uzito, unaikausha kwa nyuzijoto 103 hadi 105, unaipima tena, na kuoanisha na namba ya mrija ya maji yale yale. Fanya hivyo kiangazi na masika. Uhusiano uliotengenezwa Januari pekee hautakufaa Mei.

Upande wa ununuzi: chagua mrija wa vipande viwili vinavyoungana. Wa kipande kimoja haupandi bodaboda salama, na kwenye tuktuk hutokeza nje. Plastiki ikichubuka kwa ndani basi, uwazi umekwenda. Safisha kwa sponji laini na sabuni, kamwe si kwa waya wa kusugulia sufuria. Fundi wa mtaani anaweza kutengeneza wa kienyeji kwa kifuniko cha plastiki cha taa ndefu za mrija, kizibo cha mpira, na kisahani kilichopakwa rangi. Huo unafanya kazi vizuri, mradi sifuri ya rula ianzie usawa wa kisahani chenyewe, si chini ya kizibo.

Ndoo, kamba na daraja

Hakuna anayeingia Sabaki. Kuna mamba, kuna viboko, na ukingo wake una tope linalomeza gambuti na mguu wake. Programu inayompeleka mwanafunzi mtoni bila kamba ya kuchotea maji kutoka darajani haistahili kupewa mwanafunzi.

Ndoo ya plastiki tupu huelea na kupeperuka. Funga jiwe la kilo moja hivi kwenye mpini, upande mmoja, ili ilale na kujaa. Chota upande wa daraja ambao maji yanatokea, uone gogo likija kabla halijafika kwenye kamba. Suuza ndoo mara tatu kwa maji ya mto huo, mwaga, kisha chota ya nne. Kaa kwenye ukingo wa watembea kwa miguu, vesti ya kuakisi mwanga mwilini, mwenzako akiangalia malori.

Upungufu wa ndoo ni huu: inachota maji ya juu. Udongo laini huchanganyika mto mzima, lakini mchanga husafiri karibu na sakafu, na ndoo haiugusi. Kwa hiyo ukiandika ripoti, sema "tope la juu ya maji", usiseme "mzigo wote wa mto". Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo inayoanzisha ugomvi ofisini.

Kimo cha maji ya mto hupimwa kutoka juu vilevile. Weka alama ya rangi kwenye reli ya daraja, shusha utepe wenye uzito mpaka uguse maji, soma. Upepo wa kusi ukivuma utepe hupinda na kuongeza sentimita kadhaa, hivyo uzito uwe wa kutosha. Na kumbuka namba hii inakwenda kinyume: mto ukipanda, namba inashuka. Kuna wanaochora grafu ya msimu mzima juu chini. Andika kwenye kifuniko cha daftari, kwa herufi kubwa, kwamba unapima pengo na si kina.

Rula ya chuma iliyopigiliwa kwenye nguzo ingekuwa bora, ila chuma hukusanywa na wauza vyuma chakavu. Paka rangi ya mafuta kwenye zege, mistari kila sentimita kumi, basi.

Kalamu ya chumvi

Hii ndiyo kalamu inayopima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na kutokana na hapo kukisia chumvi iliyoyeyuka. Ni ndogo, ina bei nafuu, na ikitunzwa hukaa miaka. Masharti ni mawili. La kwanza ni maji ya kusawazishia yenye 1413 µS/cm (mikrosimensi kwa sentimita, kizio cha upitishaji umeme) kwa nyuzijoto 25. Mimina kidogo kwenye kikombe, pima, rekebisha, yamwage. Usiyarudishe kwenye chupa. La pili ni fidia ya joto. Kalamu isiyokuwa nayo husoma takriban asilimia 2 zaidi kwa kila digrii juu ya 25, na maji ya Malindi yakiwa nyuzi 30 hilo ni kosa la karibu asilimia 10 kabla hujaanza.

Angalia pia kinachoandikwa kwenye kioo. Kalamu nyingi za bei ya chini haziandiki µS/cm bali ppm (sehemu kwa milioni), nazo zimezidisha kimyakimya kwa 0.5 au 0.7. Wanafunzi wawili wenye kalamu mbili tofauti, mto mmoja, watatoa namba mbili zisizopatana na kila mmoja atalaumu mwenzake. Andika µS/cm kila mara. Hesabu nyingine zije baadaye.

Karibu na mlango wa mto, kalamu hii ina mwenye nyumba wake, naye ni bahari. Maji ya bahari ni takriban 50,000 µS/cm, na kalamu nyingi za mkoba hukoma mbali chini ya hapo. Kioo kitaandika alama ya kosa au kukwama kwenye namba ya juu kabisa. Kupima mlangoni bila kujua hali ya maji ni kazi bure. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, saa zinasogea kama dakika 50 kila siku, na siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa ni kubwa mno kuliko siku za maji mafu. Ratiba ya "kila Jumatatu saa tatu asubuhi" itakupa bahari juma hili na mto juma lijalo. Ratiba ya mlango wa mto ifuate maji, wala si saa ya ukutani: pima mwisho wa kupwa ukitaka mto, na andika saa ya kupwa pembeni ya kila namba. Mvuvi yeyote wa pale atakwambia bila jedwali. "Shikamoo mzee, maji yanakupwa saa ngapi?" ni swali linalojibiwa haraka kuliko programu ya simu isiyo na mtandao.

Tena, maji ya chumvi ni mazito na hulala chini ya maji ya mto yasiyo na chumvi. Sampuli ya juu inaweza kuwa ya mto na ya mita moja chini ikawa ya bahari, mahali pamoja, dakika moja. Ukipima sehemu moja tu, sema ni ipi.

Misimu nayo. Kaskazi ikivuma, tangu Desemba hivi hadi Machi, maji ya kahawia kutoka Sabaki huelekea kusini, yakaingia ghuba ya Malindi na kusogelea matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1968. Kusi huyasukuma kaskazini, upande wa Mambrui. Mwanagenzi aliyekuja kati ya Mei na Agosti akaona ghuba ya mji iko safi asiandike kwamba mto umepona.

Kalamu ya pH na vijikaratasi

Kalamu ya pH huharibikia kabatini zaidi ya mtoni. Kichwa chake cha kioo kikikauka, kinaanza kuchelewa: unaitia majini, namba inatembea dakika tatu nzima haitulii. Ihifadhiwe kwenye myeyusho wa chumvi ya KCl. Maji safi yaliyotoneshwa hukinyonya kichwa na kukiua pole pole, ingawa wengi huyatumia wakidhani ndiyo usafi. Isawazishwe kwa pH 7 kwanza, kisha 4 au 10 kulingana na maji unayoyategemea. Myeyusho wa 10 hunyonya hewa ya ukaa na kushuka, kwa hiyo ukishafungua chupa usiutegemee muda mrefu. Kama ofisi haina daftari la kusawazisha lenye tarehe na sahihi, namba zake za pH ni mapambo.

Vijikaratasi vya naitreti vina nafasi yake: unachovya, unasubiri muda ulioandikwa kwenye kichupa, unalinganisha rangi. Unyevu wa pwani huvimaliza. Kichupa kikiachwa wazi jioni moja, vya juu vimeshabadilika rangi. Maji ya tope hupaka karatasi rangi yake, basi chuja kwanza. Na usome kichupa kinapima nini: miligramu 10 za naitrojeni ni sawa na karibu 44 za naitreti, na watu wameshatangaza uchafuzi usiokuwapo kwa kuchanganya hizo mbili. Vile vya mabwawa ya kuogelea, vyenye miraba mitano ya klorini na ugumu wa maji, havina kazi mtoni.

Kipimo cha oksijeni, kikiwamo mkobani, kinastahili sentensi chache. Maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 30 usawa wa bahari hubeba miligramu 7.5 hivi kwa lita yakishiba, kwa hiyo namba ya 6 hapa si mbaya kama ambavyo vitabu vya nchi za baridi vingesema. Oksijeni hushuka usiku na hupanda mchana mimea ikifanya kazi. Ya saa kumi na mbili alfajiri na ya saa tisa alasiri hazilinganishwi. Chagua wakati mmoja wa siku, ushikamane nao.

Chungwa

Hapa tunasifu bila breki. Mtaro wa mjini ukijaa, kasi ya maji hupimwa kwa kitu kinachoelea, na chungwa lina sifa zote: linazama karibu lote, rangi yake inaonekana kwenye maji machafu, halina bei, likipotea halichafui. Kidaka cha nazi, ambacho wengi hukiokota kwa sababu kipo, kinaelea juu mno. Upepo unakisukuma nawe unapima upepo.

Pima mita 10 za mtaro ulionyooka, weka mtu kila mwisho, achia chungwa mita kadhaa kabla ya mwanzo ili lishike kasi, hesabu sekunde. Rudia mara tano, tupa linalokwama, chukua wastani. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kasi kwa 0.85. Tuseme sekunde 25: hiyo ni mita 0.4 kwa sekunde, mara 0.85 ni 0.34. Mtaro wenye upana wa mita 3 na wastani wa kina cha mita 0.4 una eneo la mita mraba 1.2. Mtiririko ni 0.34 mara 1.2, yaani mita za ujazo 0.408 kwa sekunde, au lita 408. Wastani wa kina utoke kwenye vipimo vitano kukatisha mtaro; ukipima katikati peke yake utaongeza maji yasiyokuwapo. Takataka zikiwa zimeziba chini ya kivuko, hama ukapime kwingine.

Shida ya mitaro ni saa. Uchafu mwingi hubebwa na maji ya mwanzo, yale yanayofagia njia, jaa na ua wa nyumba mvua inapoanza, na mwanafunzi hufika baadaye akakuta maji yameshafifia. Kifaa ambacho hakimo mkobani na tungekiongeza ni chupa ya kungojea: chupa ya lita moja, kizibo chenye mirija miwili, mmoja wa kuingizia maji na mmoja wa kutolea hewa, imefungwa kwenye kigingi. Funga tatu, kwa urefu wa sentimita 20, 40 na 60 kutoka sakafu ya mtaro. Maji yakipanda kila moja hujaa kwa zamu yake, nawe unakuja asubuhi kuzikusanya. Zinafaa kwa tope na chumvi. Hazifai kwa bakteria, maana chupa imelala juani.

Sahani za bakteria

Sahani kavu za filamu, Petrifilm na jamaa zake, ni rahisi: unainua karatasi ya juu, unadondosha mililita 1, unafunika, unaweka kwenye nyuzi 35 kwa saa 24 hadi 48. Kwenye zile za E. coli (bakteria wa kinyesi) na kolifomu (kundi kubwa ambamo E. coli imo), madoa ya buluu yenye kapovu ka gesi ni E. coli; mekundu yenye kapovu ni kolifomu nyingine.

Hesabu ndiyo inayoteleza. Doa moja kwenye mililita 1 ni 100 kwa mililita 100, na kanuni za 2006 zilitaka sifuri kwa mililita 100 katika vyanzo vya maji ya nyumbani. Sahani isiyo na doa haisemi maji yanafaa kunywa. Inasema tu ni chini ya 100. Kwa kisima usitumie hii. Kwa mtaro wa mjini, ambako nyumba nyingi hutegemea vyoo vya shimo na matangi ya maji taka, tatizo linageuka: madoa hujaa hadi hayahesabiki. Zimua mililita 1 katika 99 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Madoa 12 hapo ni 1,200 kwa mililita, yaani 120,000 kwa mililita 100.

Sampuli ikae kwenye boksi la barafu, gizani, na ioteshwe ndani ya saa sita. Joto la chumba hapa halifiki nyuzi 35 wala halikai palepale, kwa hiyo "tuliiacha mezani" si kipimo. Bila kabati la kuoteshea, sahani zilizofungwa vizuri huvaliwa kiunoni kutwa kucha. Inafanya kazi, japo usingizi haupatikani. Pakiti iliyotoka kwenye friji iachwe ifikie joto la chumba kabla ya kufunguliwa, isije ikatoa jasho. Baada ya kuhesabu, loweka sahani kwenye klorini kabla ya kutupa.

Kuhusu wadudu wa majini: njia ya miniSASS kutoka Afrika Kusini, yenye makundi 13 ya viumbe kuanzia ruba hadi kereng'ende, ni nzuri sana kwenye vijito vya mawe. Sakafu ya Sabaki ni mchanga unaohama kila mafuriko, mdudu hana pa kushika, na alama zitatoka mbaya hata maji yangekuwa safi. Tena njia hiyo haikukusudiwa mahali pa kukutana mto na bahari, wala madimbwi. Wanaosisitiza kuifanya hapa wanafanya kwa ajili ya picha. Na madimbwi yaliyotulia pwani yana konokono wa kichocho. Anayelazimika kuingia avae gambuti ndefu na asiingie adhuhuri, saa ambazo vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi.

Mafunzo yenyewe

Nafasi za namna hii kwa kawaida ni za miezi mitatu, na muda huo unaangukia msimu mmoja. Kabla ya kukubali, uliza mambo machache: je, kuna data ya waliotangulia, na kwa saa zile zile? Nauli ya kwenda darajani analipa nani? Mvua ikinyesha usiku, nani anatoka? Simu yenye fomu ya Kobo (programu ya kukusanyia data) imewekewa mipaka, kwa mfano pH isipite 14, na kizio kimeandikwa ndani ya swali? Picha ya rula inatakiwa pamoja na namba? Ofisi ambayo msimamizi wake anajibu maswali haya bila kutafuta faili ni ya kuombwa. Ile ambayo mwanafunzi wa kwanza alitumia ppm, wa pili µS/cm, na wa tatu akakuta betri imevuja, kuna nyingi tu.

Uliza pia namba zinakwenda wapi. Visima vya Baricho, vilivyochimbwa kwenye mchanga wa mto huu huu, hupeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa. Wakulima wa kingoni wanamwagilia kwa pampu. Vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji vinatambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016. Wote hao wana haja na grafu ya tope ya juma lililopita zaidi ya ripoti yenye jalada zuri inayotoka mwanafunzi akiwa ameshaondoka. Programu zinazobandika karatasi moja kwenye ofisi ya chama kila Ijumaa, hata ikiwa na mistari mitatu, ndizo ambazo wakulima wenyewe huwapigia simu wanafunzi kuwaambia mto umepanda.

Ukinunua mkoba kwa fedha zako, anza na mrija, kipimajoto, utepe na kalamu ya chumvi yenye fidia ya joto pamoja na chupa mbili za maji ya kusawazishia. pH na sahani ziagizwe baadaye, kwa kiasi kitakachotumika kabla ya tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye pakiti. Duka likikuuzia kwa punguzo kubwa, igeuze pakiti uisome tarehe hiyo kabla ya kutoa pesa.